Kiki na Besi Kwenye Singeli: Tatizo Ni Muda

Karibuni. Leo tunafungua programu ya kutengenezea muziki tukiwa na kikokotoo mkononi, kwa sababu biti nyingi za singeli zinaharibikia kwenye hesabu kabla hazijafika kwenye plagini, zile programu ndogo za kurekebisha sauti.

Mwendo wa biti 240 kwa dakika unatupa milisekunde 250 kutoka biti moja hadi nyingine: 60,000 gawanya kwa 240. Sauti ya chini ya kiki, tuseme hezi 50 (mitetemo 50 kwa sekunde), inamaliza wimbi moja kwa milisekunde 20. Kwa hiyo kiki ikidumu milisekunde 100 (nasema kiki ya ngoma, siyo zile za magazeti ya udaku) tumepata mawimbi 5 tu. Milisekunde 150 zinazobaki ni za besi.

Sasa mtu anachukua kiki ya amapiano. Kule, kwa mwendo wa 112, kuna milisekunde 536 kwa kila biti, hivyo mkia wa sauti wa milisekunde 400 unakaa kwa raha. Anaileta kwenye singeli: mkia haujaisha, kiki ya pili imeshaupanda mgongoni. Sauti za chini zinachanganyika, zinakuwa uji. Anakimbilia ikwalaiza, kile kifaa cha kupunguza au kuongeza sauti za juu na chini, anakata hezi 200 ambazo hazina kosa lolote. Fungua sampuli yenyewe, yaani kile kipande cha sauti ya kiki, fupisha mkia ubaki 100 au 120, kisha ufifishe milisekunde 5 za mwisho ili usisikie mlio wa "tik" pale ulipokata. Hapo hujatumia plagini hata moja na uji umeshapungua.

Ndipo inakuja sidecheni, yaani kuifanya kiki iishushe besi kila inapopiga. Kompresa, kifaa cha kushusha sauti inapozidi, inakaa kwenye traki ya besi, ila inaisikiliza kiki. Uwiano 4 kwa 1, ataki (muda wa kuanza kushusha) kati ya milisekunde 1 na 5, kizingiti (kiwango cha sauti kinachoiamsha) ukishushe mpaka besi ipungue desibeli 4 hadi 6. Rilisi, muda wa besi kurudi, ndiyo inayowashinda wengi. Ukiiweka milisekunde 300, besi haiwahi kurudi kabla ya kiki inayofuata. Tazama mita, imeganda. Umeshusha sauti ya besi, basi, kwa njia ndefu. Anza na 80. Ukienda chini ya 20, kompresa inapanda na kushuka na kila wimbi la kiki, na besi inaanza kukwaruza.

Swali la kule nyuma: mbona studio iko sawa, kwenye gari besi inafunika kila kitu? Pima chumba. Sauti husafiri takribani mita 343 kwa sekunde. Chumba cha mita 3 kwa 3 kinavimbisha hezi 57 kwenye kuta na kuzimeza katikati. Ukikaa katikati husikii besi, unaongeza. Magodoro ukutani hayatibu hilo, ni membamba mno kwa wimbi la mita 6. Sogeza kiti kiwe kama mita 1.15 kutoka ukuta wa mbele, halafu hakikisha kwa hedifoni.

Na mwisho cheza kwenye simu. Spika yake haitoi hezi 50, kwa hiyo kiki itasikika kwa ule mlio wake wa juu, hezi 2,000 hadi 4,000. Ikipotea kabisa, usiongeze chini; bandika juu yake sampuli fupi ya mlio wa kijiti, milisekunde 10 zinatosha.