Likizo Bila Mabegi

Ndugu Mwenyekiti, mabibi na mabwana, wengi wenu mmeshanisikia nikilisema hili, kwamba likizo ni likizo hata usiposafiri, na nawaona wawili watatu pale nyuma wanatabasamu kabla sijaanza. Tabasamuni tu. Nitalirudia hadi nimuulize mtu majira ya joto yalikwendaje, asinijibu kwa aibu, "Aa, sisi hatukusafiri." Ukimchokonoa, kumbe waliogelea mtoni, walikula chini ya mti, walikaa nje na majirani hadi usiku mkubwa. Yote hayo hayahesabu, kwa kuwa hakufunga begi!

Twende Ufaransa, 1936. Tarehe 20 Juni, baada ya migomo iliyosimamisha viwanda nchi nzima, serikali ya Léon Blum ikapata sheria ya likizo ya wiki mbili yenye malipo. Mtu amefanya kazi kiwandani tangu ujana, leo anaambiwa kapumzike na mshahara wako uko palepale. Léo Lagrange, aliyeshughulikia michezo na burudani serikalini, akawapatia wafanyakazi tiketi za treni zilizopunguzwa asilimia 40. Basi wapo waliopanda treni wakaiona bahari kwa mara ya kwanza, na picha zao tunazijua. Lakini wengi hawakufika baharini. Walikwenda kwa baiskeli hadi mto wa karibu, wakavua samaki, wakatandika shuka majanini, wakalala mchana. Kulala mchana, tena Jumanne, pasipo king'ora cha kiwanda! Hao ndio ninaowapenda mimi. Walichopewa kwanza ni muda. Safari ilikuwa nyongeza. Sisi muda tunao, tunakwenda kuumalizia kwenye foleni za ukaguzi wa mizigo.

Najua mtaniambia kipya kinyemi, ingawa kidonda. Sikatai. Ila mwaka 2010 watafiti wa Uholanzi walichapisha uchunguzi wa watu wazima zaidi ya 1,500. Waliokuwa wakijiandaa kusafiri walikuwa na furaha kuwazidi wasiosafiri, lakini wakisharudi, tofauti hiyo haikuonekana tena, isipokuwa kwa wale waliosema wamepumzika kwelikweli. Sikilizeni vizuri: waliopumzika, si waliokwenda mbali.

Na mwaka 2019 wakaja wa Uingereza, na watu karibu 20,000. Waliokaa kwenye maeneo ya asili, iwe bustani ya umma, msitu au ufukwe, kwa dakika 120 au zaidi kwa wiki, walielekea kusema wana afya njema na wameridhika na maisha kuliko wasiokwenda kabisa. Ziwe za mkupuo mmoja au za vipande vipande, haikuleta tofauti. "Aa, wenye afya ndio wanaotoka!" Swali zuri, na watafiti wenyewe walitahadharisha kwamba uhusiano si uthibitisho. Ila hali ilikuwa hivyohivyo hata kwa wenye maradhi ya muda mrefu. Sasa pigeni hesabu. Dakika hizo ni za kila wiki. Safari moja ya mwaka itawalisha wiki ngapi? Bustani iliyo karibu utaiendea hata leo jioni.

Kuna na hili la watoto, kwamba watachoshwa na mahali palepale. Nani kasema? Mpeleke mtoto kwenye kijito. Leo atajenga bwawa la mawe, kesho atataka kuona kama limebomoka, keshokutwa atalijenga kubwa zaidi. Anayechoshwa ni wewe uliyekaa pembeni na simu, unatafuta picha za kijito cha watu wengine.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Nilitaka kusema juu ya kutoka alfajiri, joto halijapanda. Hilo mtalijaribu wenyewe. Kuogelea: asiende mtu peke yake, na mtoto asiachwe bila mtu mzima hata kidogo. Na nyota. Kwa walio kaskazini mwa ikweta, usiku wa kuamkia Agosti 13, au karibu na hapo, vimondo vya Perseids huwa kwenye kilele. Hamhitaji darubini. Tafuteni giza, laleni chali, yapeni macho nusu saa yazoee, na simu ibaki mfukoni, maana mwanga wake unaharibu yote.

Maswali sasa. Lile la watoto kuchoshwa nimeshalijibu.