Wachache Wasio na Jimbo Wanalindwa na Nani?

Asalaam aleikum. Wazee wetu, mama zetu, vijana wa Ngamiani na Chumbageni, karibuni.

Hapa Tanga wengi tuna ndugu Pemba, kwa hiyo nianze na letu. Sensa ya 2022 ilihesabu Watanzania milioni 61.7, Zanzibar hawakufika milioni 2. Tukihesabu vichwa tu, Bara itaamua kila kitu na Wazanzibari watabaki kupewa taarifa. Ibara ya 98 ya Katiba ya 1977 inakataa. Ukitaka kugusa mambo ya msingi, kama kuwapo kwa Jamhuri ya Muungano yenyewe, upate theluthi mbili ya wabunge wote wa Bara, na mbali na hao, theluthi mbili ya wabunge wote wa Zanzibar. Muungano wetu si shirikisho kamili, yaani nchi ya majimbo yanayogawana mamlaka na serikali kuu, lakini kinga hiyo ni ya kishirikisho, nami naitetea bila kusita.

Uswisi waliifikia kinga kama hiyo kwa vita. Mwaka 1847 kantoni za Kikatoliki, yaani majimbo yenye serikali zao, zilipigwa zikashindwa. Katiba ya 1848 ni ya washindi, na bado Uri, kantoni ndogo ya milimani, ilipata viti viwili katika Baraza la Majimbo, sehemu moja ya Bunge lao, sawasawa na Bern iliyo kubwa. Hadi leo Katiba yao haibadilishwi mpaka wakubali wapiga kura walio wengi na kantoni zilizo nyingi pia.

Sasa sikilizeni la Novemba 2009. Watu waliulizwa: tupige marufuku kujenga minara ya misikiti? Nchi nzima ilikuwa na minara minne. Asilimia 57.5 wakasema ndiyo, katika kantoni 22 kati ya 26. Kinga ile haikuwafaa Waislamu, kwa kuwa hawana kantoni yao. Wametawanyika, na kila walipo ni wachache. Hapa ndipo wanaosifia shirikisho hupita haraka, nami naomba tukae hapahapa. Jimbo humlinda mchache mwenye eneo lake. Asiye na eneo, jimbo lenyewe laweza kumkandamiza.

Huyo anahitaji haki ambazo kura haizifikii, na mahakama isiyowaogopa walio wengi. Kwetu, ibara ya 30 inamruhusu mtu kwenda Mahakama Kuu haki yake ikivunjwa. Lakini sheria ya 2020 ilimtaka mlalamikaji aape kwamba yeye mwenyewe ameathirika. Sharti hilo halikufaa, maana aliye peke yake kijiji kizima, na ameshatishwa, ndiye hasa anayehitaji mwingine amfungulie shauri.

Maswali sasa. Tuanze na akina mama kule nyuma.