Kompyuta ya Gemu Imechoka: Ubadilishe Vipuri au Uunde Mpya?

Karibu mtazamaji. Kabla hujatoa hata shilingi, tujue kwanza kinachokwamisha mashine.

Fungua gemu linalokusumbua, zima V-Sync (inayofunga kasi ya picha, yaani fremu, ilingane na skrini) na kikomo cha fremu, kisha washa programu ya MSI Afterburner ikuonyeshe matumizi ya kadi ya grafiki. Cheza dakika kumi. Kadi ikikaa asilimia 95 kwenda juu, yenyewe ndiyo imelemewa. Ikicheza kwenye asilimia 60, shusha gemu kutoka 1080p hadi 720p. Fremu hazijapanda? Basi anayechelewesha ni prosesa, na kadi mpya itakuwa pesa ya bure. RAM nayo itazame: kipande kimoja cha GB 8 hufanya gemu likwamekwame. Weka viwili; bodi ikiwa na matundu manne, tumia la pili na la nne kuhesabu kutoka kwenye prosesa.

Sasa fungua programu ya CPU-Z usome soketi (kikalio cha prosesa) na jina la mazabodi, ile bodi kuu. Uamuzi wenyewe uko hapa.

Tuseme una prosesa ya Intel Core i5-7500. Mwisho wa bodi hiyo ni i7-7700K, viini vinne vilevile, na Windows 11 haiitambui rasmi, ilhali huduma ya kawaida ya Windows 10 ilifungwa 14 Oktoba 2025. Hiyo iache, unda mpya. SSD na kadi utahama navyo. Ila kama ni ile Dell OptiPlex iliyotoka ofisini, kesi (kasha la mashine) na pawa saplai usivihesabu, maana havifuati vipimo vya ATX, vile vya kawaida vya kompyuta za kuunda.

Mwenye prosesa ya AMD Ryzen 5 2600 kwenye bodi ya B450, wewe usiunde mpya. Soketi ya AM4 inapokea Ryzen 5 5600, na tofauti utaiona.

Sasisha BIOS (programu ya bodi inayowasha mashine) kwanza, prosesa ya zamani ikiwa bado ndani. Ukiibadilisha kabla, skrini itabaki nyeusi. Pakua faili ya bodi yako hasa kwenye tovuti ya mtengenezaji, iweke kwenye flashi ya FAT32, na mashine iwe kwenye UPS. Umeme ukikatika katikati, bodi inaweza kufa palepale. Kama unatumia BitLocker, kufuli ya diski ya Windows, isimamishe na uhifadhi ufunguo wake, kwa sababu prosesa mpya huja na TPM yake, sehemu inayotunza funguo hizo.

Kisha cheza gemu dakika kumi ili pesti, ule uji wa kupitisha joto kati ya prosesa na kipoza joto, ilainike. Zima, chomoa waya wa umeme, legeza kipoza joto na ukizungushe taratibu kushoto na kulia kabla ya kukiinua. Ukikivuta kwa nguvu, prosesa hung'oka nacho na pini hupinda. Hili huwapata wengi. Futa pesti ya zamani kwa spiriti, weka prosesa mpya pembetatu ikilingana na ya soketi, idondoke yenyewe bila kusukumwa. Pesti mpya, punje ya njegere inatosha.

Ukitaka na kadi ya grafiki, RX 6600 inafaa hapa na inahitaji waya mmoja wa pini nane. RX 6500 XT ni rahisi, lakini ina njia nne tu za PCIe, zile za kupitisha data kati ya kadi na bodi, na kwenye B450 inapoteza nguvu nyingi.

Ikiwaka, ingia BIOS uwashe XMP, inayoifanya RAM ikimbie kwa kasi yake kamili, kisha rudia kipimo kilekile cha mwanzo, gemu lilelile, ulinganishe fremu.