Daraja la Zimamoto Uwanjani: Pima Ndege, Usihesabu Viti

Ndugu washiriki, tunapopanga daraja la zimamoto la uwanja wa ndege, yaani ngazi ya huduma ya kuzima moto, hatuanzi na idadi ya abiria. Tunapima urefu wa ndege, pua hadi mkia, kisha upana wa bodi, yaani kiwiliwili cha ndege bila mabawa. Kiambatisho cha 14 cha ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, kina madaraja 10. Cessna Grand Caravan, mita 12.7, ni ya 3. ATR 72, mita 27 na ushei, ni ya 5. Dash 8 Q400 hubeba abiria wanaokaribiana na wa ATR hiyo, lakini urefu wake ni mita 32.8, kwa hiyo iko daraja la 6 pamoja na Airbus A320 yenye abiria karibu mara mbili. Boeing 737-800 ina mita 39.5. Daraja la 7 linaanzia mita 39; nusu mita tu imeipandisha.

Upana ndio husahaulika. Ndege ikizidi upana wa daraja lake, inapanda moja. Boeing 767-200, kwa urefu wake wa mita 48.5, ingekuwa ya 7, ambako upana hauruhusiwi kuzidi mita 5. Bodi yake ni mita 5.03. Sentimita tatu hizo zinaipeleka la 8!

Kwa nini urefu? Mafuta yanayowaka humwagika ubavuni mwa bodi, na kazi ya dakika ya kwanza ni kuutenga moto na bodi ili watu watoke. Kuuzima wote kutafuata. Ili kupata eneo la kulindwa kwa ndege ya mita 24 au zaidi, jumlisha upana na mita 30, zidisha kwa urefu, chukua theluthi mbili. Kwa 737-800 unapata kama mita za mraba 890. Povu la kiwango B, kimojawapo cha viwango vya ubora wa povu vya ICAO, linahitaji lita 5.5 kwa kila mita ya mraba kwa dakika, yaani karibu lita 4,900. Jedwali la ICAO la daraja la 7 linadai 5,300 kwa sababu limepigwa kwa ndege ya katikati ya daraja. Juu ya hapo: maji lita 12,100, poda kavu kilo 225, magari mawili.

Miruko na mituo ya ndege za daraja la juu kabisa zinazotumia uwanja isipofika 700 katika miezi mitatu mfululizo yenye shughuli nyingi zaidi, uwanja unaruhusiwa kushuka daraja moja. Hesabu hiyo irudiwe kila ratiba inapobadilika. Wengi huifanya mara moja wakaiacha.

Sasa uchanganyaji wa povu ghafi na maji. Povu la asilimia 6, yaani la kuchanganywa sehemu 6 katika 100, likitiwa kwenye gari lililotegwa asilimia 3, hutoka jepesi, hupukutika, na moto hurudi pale ulipodhani umefunika. Soma pipa, kisha soma kipimo cha gari. Maji lita 12,100 yanataka povu ghafi kama lita 375 la asilimia 3, au 770 la asilimia 6, na stoo iwe na mara mbili ya hapo.

Gari la kwanza liwe tayari kumwaga angalau nusu ya kiwango cha povu kwa dakika kinachodaiwa na jedwali ndani ya dakika 3 tangu wito, lenga 2. Gari likiharibika, daraja limeshuka muda huo huo, na marubani watangaziwe kwa NOTAM, ilani rasmi kwa marubani.

Jedwali halihesabu boti. Bukoba, 6 Novemba 2022, ATR 42, ndege ya daraja la 4, iliangukia Ziwa Victoria. 19 kati ya watu 43 walifariki. Ndege zinapokaribia uwanja kwa kupita juu ya maji, uokoaji wa majini unapangwa peke yake: boti zenye wafanyakazi, maboya ya kuelea, na mazoezi pamoja na wavuvi wa eneo hilo.