Kabla ya Kufungua Chupa: Viongezi katika Sileji ya Marobota

Asanteni kwa kuniita nizungumzie viongezi, yaani dawa zinazotiwa kwenye sileji, majani ya mifugo yanayofungiwa bila hewa ili yachachuke. Na asanteni zaidi kwa kukaa mbele. Nimezoea kuhutubia viti vitupu, wasikilizaji wote wamejibanza nyuma karibu na mlango.

Nina majani hapa, yamekatwa jana na kunyaushwa juani. Nayakamata gao moja, nayaminya kwa nguvu, nahesabu mpaka 30, naachia. Tazameni. Bonge limesimama kidogo, sasa linafumuka polepole. Kiganja kina unyevunyevu, lakini hakuna maji yanayochuruzika. Majani haya yana ukavu wa kati ya asilimia 30 na 40, yaani katika kila kilo 100, kilo 30 hadi 40 ni majani yenyewe na zilizobaki ni maji. Kama maji yangechuruzika kati ya vidole, tungekuwa chini ya 25. Kama bonge lingetawanyika mara tu nilipofungua mkono, tungekuwa tumepita 40. Nimeanza na hili kwa sababu kila mara naulizwa, “Mwalimu, nitie dawa gani?” na mimi humrudishia mtu swali: uliyaminya?

Tukumbushane kinachotokea ndani ya sileji. Bakteria wa asidi ya laktiki hula sukari ya majani na kuitoa kama asidi. Katika shimo la majani yaliyokatwakatwa vidogo na yenye maji ya kutosha, asidi hiyo hushusha pH, kipimo kinachoshuka kadiri asidi inavyozidi, hadi karibu 4, na vijidudu waharibifu hushindwa kuishi. Robota, yaani mzigo wa majani uliofungwa kwa mashine na kuzungushiwa plastiki, haliendi hivyo. Majani yake ni marefu, utomvu wake haujatoka vizuri, na kwa kawaida tunayafunga yakiwa na ukavu wa asilimia 45 hadi 55. Bakteria wana kiu, kazi inakwenda pole, na mara nyingi pH hukomea kwenye 5 au chini yake kidogo. Kwa hiyo robota linalindwa na ukavu wake na kukosa hewa kuliko linavyolindwa na asidi.

Hapo ndipo ninapogombana na wauzaji wa viongezi. Plastiki ya kuzungushia ina unene wa maikroni 25 kabla ya kuvutwa. Tabaka sita hazifiki hata milimita 0.15. Sasa chukua robota la duara lenye kipenyo cha mita 1.2. Sentimita 15 za nje, bila kuhesabu ncha mbili, zimebeba takriban asilimia 44 ya mzigo wote. Karibu nusu ya chakula cha ng'ombe wako kiko umbali wa kiganja na kidole kutoka kwenye hewa. Tundu la jino la panya halizibwi na chupa yoyote. Anayetumia viongezi huku anazungusha tabaka tatu, au anaacha marobota uchi mpaka kesho kutwa, anamwaga tu.

Haya, ukishafanya hayo sawasawa, viongezi vina nafasi yake. Vinavyotumika sana ni bakteria hai, kama Lactiplantibacillus plantarum na jamaa zake wa Pediococcus. Kipimo cha kawaida ni bakteria 100,000 kwa kila gramu ya majani mabichi. Kwa robota la kilo 600 hao ni bilioni 60, na wote wanaingia katika maji yasiyozidi lita chache. Lengo ni kuwatanguliza wale wazuri kwa wingi ili asidi ipatikane haraka, kabla wengine hawajaila sukari. Wanafaa zaidi ukavu ukiwa kati ya 30 na 50. Ukipita 60, hawana maji ya kufanyia kazi. Weka fedha yako kwenye plastiki. Na kama majani yenyewe hayana sukari, umewaalika wageni kwenye sinia tupu.

Hawa ni viumbe hai, na watu hulisahau hilo. Mimi mwenyewe niliwahi kujaza tangi kwa maji ya bomba yenye klorini kali, nikanyunyiza siku nzima kwa furaha. Baadaye marobota yenye dawa na yasiyo na dawa hayakuwa na tofauti hata moja. Nilikuwa nimewaua kabla hawajaonja jani. Tumia maji ya mvua au ya kisima safi, au acha ya bomba kwenye chombo wazi usiku kucha klorini ipae. Tangi nalo lisikae juani. Maji yakizidi joto la mwili wanaanza kufa.

Kuna bakteria mwingine, Lentilactobacillus buchneri. Yeye hugeuza sehemu ya asidi ya laktiki kuwa asidi ya asetiki, na hiyo huzuia chachu na ukungu sileji inapofunguliwa. Anahitaji siku 45 hadi 60 hivi. Kwenye shimo linalochotwa mwezi mzima ninamkubali. Kwenye marobota, kama mifugo yako inamaliza robota kwa siku moja au mbili, sioni unachomlipia. Mwenye ng'ombe watatu na marobota makubwa ana sababu ya kumfikiria.

Majani mabichi kabisa, mvua inakuja na huna namna, ni habari nyingine. Hapo adui ni klostridia, bakteria waharibifu wanaotoa asidi ya butiriki. Mtu akifungua robota na kunusa harufu inayong'ang'ania kwenye nguo hadi jioni, ndio hao. Lusani na mikunde mingine huwavutia zaidi kwa sababu sukari yao ni ndogo na pH yao ni ngumu kushuka. Asidi ya fomiki hushusha pH papo hapo bila kungoja bakteria. Njia ya kutumia asidi iliasisiwa na Mfini, Artturi Virtanen, aliyeanza na asidi kali za madini, na mwaka 1945 akapata Tuzo ya Nobel ya Kemia. Inafanya kazi, lakini inaunguza ngozi na kula minyororo ya mashine. Glavu na miwani si mapambo. Chumvi za nitraiti nazo huwabana klostridia.

Molasi? Inawapa bakteria sukari, kilo 20 hadi 40 kwa tani. Lakini inanata, inaziba nozeli, vile vitundu vya kunyunyizia, na kwenye majani marefu haisambai. Ichanganye na maji ya vuguvugu, au iachie sileji iliyokatwakatwa.

Kusambaa ndiko kunakowashinda wengi. Tuhesabu pamoja. Mashine inafunga marobota 20 kwa saa, kila moja kilo 600: hizo ni tani 12. Dawa inataka lita moja kwa tani, kwa hiyo lita 12 kwa saa, yaani mililita 200 kwa dakika. Weka jagi chini ya nozeli, washa pampu dakika moja, soma. Ukipata 120, unadanganyika. Ukipata 350, utamaliza chupa adhuhuri. Na nozeli zielekee pale majani yanapookotwa, si juu ya robota lililokwisha kufungwa. Nimeona mtu akinyunyizia robota kwa kopo la maua.

Kuna dada ameuliza atajuaje kama dawa imesaidia. Swali zuri kuliko mhadhara wangu. Siku hiyo hiyo, shamba lile lile, zima pampu kwa marobota matatu na uyatie alama kwa rangi ya kupuliza. Baada ya miezi miwili fungua moja la kila aina, nusa, pima pH, ingiza mkono ndani uone kama kuna joto, kisha yaweke mbele ya ng'ombe bega kwa bega. Wataanza na lipi, andika.