Mkondo Mdogo Usioshtua Fyuzi

Ndugu wasikilizaji, nitaanza na fyuzi, kwa kuwa ndiyo inayoaminiwa kupita kiasi katika sehemu za kazi. Fyuzi ya ampia 13 huwekwa ili waya usipate joto hadi kuungua; haikuwekwa kumlinda mfanyakazi. Mkondo wa miliampia 10 hadi 20 hivi (miliampia ni sehemu ya elfu ya ampia) hukaza misuli ya mkono hata aliyeshika kifaa ashindwe kukiachia, na miliampia 50 hadi 100 zikipita kifuani kwa sekunde chache zaweza kuvuruga mapigo ya moyo. Kiasi hicho hakifiki hata asilimia moja ya kile ambacho fyuzi hiyo hupitisha bila kukatika.

Ngozi kavu hukinza umeme vizuri, lakini ikilowa jasho au maji ukinzani wa mwili waweza kushuka hadi omu 1,000 hivi, na hapo volti 230 husukuma takriban miliampia 230. Kinachofaa kumlinda mtu ni kikata umeme kinacholinganisha mkondo unaokwenda na unaorudi, ambacho hukata mara moja tofauti ikifika miliampia 30. Hata hicho, tusikitegemee kwa kila jambo: anayeshika waya wa moto, unaoleta umeme, kwa mkono mmoja na nyutro, waya unaourudisha, kwa mwingine havujishi ardhini chochote cha kukishtua.

Kuhusu majeraha, jicho hudanganya. Alama ndogo kiganjani yaweza kuficha misuli iliyoungua ndani, na misuli ikiharibika sana, mabaki yake huingia kwenye damu na kuziumiza figo. Kwa hiyo aliyenaswa na umeme apelekwe akapimwe moyo na mkojo, hata kama anatembea na kudai yu mzima. Msimamizi anayemrudisha kwenye mashine kwa sababu hiyo tu anakosea.

Kabla ya matengenezo, swichi kuu izimwe na kufungwa kwa kufuli, ufunguo ukae kwa anayefanya kazi, kisha apime kama kweli umeme haupo, baada ya kukijaribu kipimio chenyewe kwenye umeme unaojulikana kuwa upo. Kapasita nazo, yaani vipuri vinavyohifadhi umeme, huweza kubaki na chaji hata baada ya kuzima.

Na mwenzako akinaswa, usimguse kabla ya kukata umeme. Ukishakatika, kama hapumui, ita msaada na umkandamize kifua mara 100 hadi 120 kwa dakika, bila kuacha, mpaka wahudumu wa afya wafike.