Chupa Mngeitunzia Kushuka: Kumlisha Mtoto Mchanga Ndani ya Ndege

Haya karibuni, nyie wa nyuma sogeeni viti viko huku mbele, na wenye watoto wanaolia msitoke nje, si ndo mada yenyewe hiyo.

Naanza na kitu ambacho wazazi wengi wanakifanya mapema mno. Mtu kasikia mtoto anyonye ndege ikiruka ili masikio yasimuume, basi mlango ukifungwa tu chupa mdomoni, kumbe ndege bado iko chini inangoja zamu yake ya kuruka, mtoto anamaliza chupa nzima, kashiba, kalala, halafu baadaye huko ndege inaanza kushuka ndo anaamka na kilio cha maumivu na mama hana cha kumpa manake mtoto hataki tena. Ile chupa mngeitunzia kushuka jamani. Kupanda kuna shida yake ndiyo, ila kushuka ndo kwenyewe.

Iko hivi. Nyuma ya ngoma ya sikio kuna kichumba kidogo cha hewa, na kuna kimrija kinatoka pale kinakuja kutokea nyuma ya koo, karibu na pua. Ndani ya ndege mgandamizo wa hewa haubaki kama wa chini, mkifika juu unakuwa kama mmesimama kwenye mlima wa mita 1,800 hadi 2,400 hivi. Mkipanda, hewa ya kwenye sikio inatanuka na inajitokea yenyewe bila tabu sana. Mkishuka inatakiwa irudi ndani, na hapo kimrija kinajibana kama mrija wa karatasi uliolowa, ukivuta ndo kwanza unajikunja, na hakifunguki mpaka mtu ameze. Mimi na wewe tunapiga miayo, tunatafuna bablishi, tunabana pua tunapuliza. Mtoto mchanga hajui hayo, na kimrija chake ni chembamba na kimelala zaidi kuliko chetu. Yeye kinachomfanya ameze ni kunyonya basi. Titi, chupa, hata chuchu bandia kama ameshiba.

Na kushuka hakuanzi pale magurudumu yanapotoka, mara nyingi kunaanza kama nusu saa kabla ya kutua. Mwambie mhudumu mapema, dada naomba tukianza kushuka unistue, wengi wala hawana shida. Halafu mpe polepole, anyonye, pumzika, mbeulishe, rudia, sio dakika tano kamaliza. Akiwa amelala muamshe, najua hapo mnaniangalia vibaya, ila aliyelala anameza mara chache sana na akiamshwa na sikio ni kesi nyingine kabisa.

Wa titi sina mengi ya kuwaambia, nyie mmebarikiwa, maziwa yako tayari na hayagandi wala kupoa. Hewa ya ndege ni kavu, unyevu mara nyingi chini ya asilimia 20, kwa hiyo mtoto anaweza kutaka kunyonya mara nyingi kuliko kawaida, mpe tu, na wewe mama kunywa maji. Yeye kama hajafika miezi 6 usimpe maji, maziwa yanatosha.

Wa maziwa ya kopo ndo nataka tukae kidogo. Unga ule hata kopo likiwa jipya sio kwamba hauna vijidudu kabisa, ndo maana Shirika la Afya Duniani linasema ukorogwe kwa maji yasiyopungua nyuzi joto 70, kisha upoozwe. Sasa maji ya moto ya kwenye ndege mara nyingi yanatoka kwenye tangi la ndege, mimi kwa mtoto siyategemei. Beba maji yaliyochemka kwenye thamosi nzuri, na unga uwe umeshapimwa kwenye vikopo vikavu, kimoja kwa mlo mmoja. Ukipata maziwa ya kimiminika yaliyotengenezwa tayari kiwandani, nunua hayo kwa safari, usijitese. Maziwa ukishakoroga yakikaa nje ya friji mwisho ni masaa mawili, na mtoto akishaanza kunywa, ikipita saa moja kilichobaki kinamwagwa, hata kama roho inauma.

Chupa mliyoijaza chini mkaifunga, juu ifungueni taratibu ikiwa imesimama, hewa iliyobanwa ndani inasukuma maziwa na shati la jirani linapata sehemu yake.

Kuhusu ukaguzi, ile sheria ya mililita 100, kwamba kimiminika cha kwenye begi la mkononi kila chombo kisizidi hapo, ilikuja 2006 baada ya kugundulika njama ya mabomu ya kimiminika Uingereza. Maziwa ya mtoto yana msamaha sehemu nyingi, ila yatoe mwenyewe kwenye begi uyataje, usingoje wayakute. Mashine ya eksirei haiyaharibu. Angalieni tu nchi na nchi, Marekani maziwa ya mama yaliyogandishwa yanapita kwenye begi la mkononi, Uingereza yaliyogandishwa hapana. Na yale ya kumlisha njiani msiyaweke kwenye begi linaloenda chini, likichelewa utamlisha nini?

Kuna baba hapa anauliza kuhusu kupasha. Baba, si lazima yawe ya moto, mtoto akizoeshwa ya uvuguvugu wa kawaida anakunywa tu. Ukitaka kupasha omba kikombe cha maji ya moto usimamishe chupa humo, kikombe kikae mbali na mtoto maana ndege ikirukaruka yanamwagika, kisha dondoshea kwenye kifundo cha mkono uone. Na mwenye mtoto wa mafua makali au sikio linalouma, huyo apite kwa daktari kwanza kabla ya siku ya safari, kunyonya peke yake hapo hakutoshi.